Nilivyojenga timu ya soka ya wanawake katika chuo kisichotoa ufadhili wa michezo

Mimi ni kocha mkuu wa timu ya soka ya wanawake katika chuo kidogo binafsi kilichoko jimbo la Ohio, nchini Marekani. Ndugu zangu wa Morogoro wanaponiuliza habari za kazi, wengi hudhani kwamba ninashinda uwanjani na filimbi mdomoni, na hushangaa ninapowaeleza kwamba sehemu kubwa ya mwaka wangu inakwenda katika kutafuta wachezaji na kuzungumza na wazazi wao kuhusu ada. Kwa kuwa wasichana wa Afrika Mashariki wanaoulizia kazi hii wanazidi kuongezeka, nimeona vyema nieleze jinsi nilivyoipata na jinsi ninavyoifanya.

Msingi wa yote ni sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho. Sheria hiyo ilivilazimu vyuo kuwapa wanawake nafasi katika michezo, na soka ukawa miongoni mwa michezo iliyokua kwa kasi kubwa. Mwaka 1982 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha mashindano ya taifa ya soka la wanawake, na Chuo Kikuu cha North Carolina kikatwaa kombe hilo la kwanza chini ya Anson Dorrance, ambaye hadi anastaafu mwaka 2024 alikuwa amekusanya mataji 21 ya NCAA. Hata hivyo, mafanikio hayo yana upande unaoniuma. Kabla ya sheria hiyo, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Leo ni chini ya nusu, kwa sababu mishahara na heshima vilipoingia katika kazi hii, wanaume nao waliingia kwa wingi. Ndiyo maana nililia kwa furaha mwaka 2022, Margueritte Aozasa alipoiongoza timu ya UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kutwaa ubingwa wa taifa katika msimu wake wa kwanza akiwa kocha mkuu. Timu yake ilikuwa nyuma kwa mabao mawili kwa bila dhidi ya North Carolina, ikasawazisha zikiwa zimesalia sekunde 16, kisha ikashinda 3-2 katika muda wa nyongeza.

Mimi niliingia kupitia chuo cha miaka miwili, nikahamia chuo cha miaka minne nikicheza kiungo, na baada ya shahada ya kwanza nikapata nafasi ya ukocha msaidizi kwa wanafunzi wa uzamili, ambao hulipiwa masomo na kupewa posho ndogo. Nilipanga koni, nilikatakata video za mechi hadi usiku wa manane, nilipanga mabasi na chakula cha safari, na wakati huohuo nilisomea leseni za ukocha za shirikisho la soka la Marekani. Baadaye nikawa kocha msaidizi wa kuajiriwa, na hatimaye chuo nilicho sasa kikanikabidhi timu.

NCAA hugawa vyuo katika ngazi tatu ziitwazo divisheni, na chuo hicho kiko katika Divisheni ya Tatu, yenye vyuo zaidi ya 400, ambako ni marufuku kumpa mwanafunzi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Katika Divisheni ya Kwanza, kwa miaka mingi timu ya wanawake iliruhusiwa kuwagawia wachezaji wake, hata kwa vipande, ufadhili unaolingana na ufadhili kamili 14, na katika ya Pili 9.9, lakini mimi sina hata mmoja. Kibaya zaidi, chuo kidogo huishi kwa ada, hivyo uongozi hunitazamia nilete idadi fulani ya wasichana wapya kila mwaka, tena wanaoweza masomo. Nilitambua mapema kwamba siwezi kushindana na vyuo vikubwa kwa wale ambao kila mtu anawaona, na kwamba lazima niwaone wale ambao wengine wamewapita.

Kwa hiyo ninapokwenda kwenye mashindano ya vijana sifuati mpira. Ninamchagua msichana mmoja na kumtazama kipindi kizima: kama anageuza shingo kuangalia nyuma yake kabla pasi haijamfikia, anafanya nini katika sekunde tatu za mwanzo baada ya kupokonywa mpira, na anamwambia nini kipa wake baada ya kufungwa. Kasi ya miguu kila kocha anaiona. Msichana anayejua nani yuko mgongoni kwake kabla hajapokea mpira atanifaa kwa miaka minne, hata kama hajawahi kuitwa kwenye kikosi cha jimbo.

Mmoja wa wasichana hao nilimwona akicheza beki wa kati katika timu ya shule ya umma. Familia yake ilikuwa imetoka Kivu, ikapitia kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, na mama yake alifurahi sana nilipomsalimu kwa Kiswahili. Tulikaa mezani na karatasi za ada zilizotisha, kwa sababu bei inayoandikwa na vyuo binafsi ni kubwa kuliko wanayolipa wengi. Nilimwonyesha mstari kwa mstari: fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, ambayo wakimbizi nao wanastahili kuijaza, msaada wa Pell, ambao serikali huwapa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo na ambao miaka ya karibuni unafikia dola 7,395 kwa mwaka, na punguzo la chuo linalotokana na alama za darasani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Mama kocha, kama mutoto anavunjika goti, masomo yake itaisha?”

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nilimjibu kwamba haitaisha, kwa sababu katika divisheni yetu senti zote anazopewa binti yake zinatokana na masomo na hali ya nyumbani, hivyo hata akiacha mpira kesho yake fedha hizo hazitaguswa. Kile nilichokuwa nikikiona kama upungufu wa chuo changu kilikuwa kinga kwa mzazi, na tangu hapo ndilo jambo la kwanza ninalolieleza katika kila nyumba. Binti yule alikuja, na baadaye akawa nahodha wangu.

Lakini goti nalo lilistahili jibu. Wanawake huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na msimu wetu umebanwa kati ya mwisho wa Agosti na Novemba, mara nyingi mechi mbili kwa wiki. Tunapasha mwili kwa programu ya FIFA 11+, dakika kama 20 za kukimbia, kuimarisha misuli, kusimama kwa mguu mmoja na kuruka kwa kutua vizuri. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja kwa wasichana walioifuata. Vilevile ninazitumia kanuni za NCAA za kubadilisha wachezaji: anayetolewa kipindi cha kwanza hawezi kurudi hadi kipindi hicho kiishe, lakini kipindi cha pili anaweza kurudi mara moja. Ninapanga mapema nani atapumzika kuanzia dakika ya 30, na siyumbishwi na matokeo.

Kwa dada anayetaka kazi hii: nafasi nyingi hutangazwa msimu unapokwisha, na mkutano mkuu wa chama cha makocha, United Soccer Coaches, hufanyika kila Januari, mahali pazuri pa kujuana na wanaoajiri. Kwenye usaili wangu nilipeleka mpango wa maandishi wa mwaka wa kwanza, ukitaja shule nitakazotembelea, wachezaji wa nafasi gani ninaowahitaji na bajeti ya safari. Kamati iliniuliza zaidi kuhusu kurasa hizo kuliko kuhusu mfumo wa 4-3-3. Kocha wangu msaidizi, mwanamke mwenye uwezo mkubwa, sasa anaomba ukocha mkuu kwingine, na mpango wake tunauandika pamoja.