Kuifufua mashua ya mjomba, Mikindani

Mashua ya futi 18 niliyoachiwa na mjomba iliharibikia nchi kavu. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu kila aliyepita na kuiona ilivyochakaa alidhani kwamba imeliwa na bahari, na dhana hiyo ingeweza kutupeleka kwenye matengenezo yasiyohusika. Mjomba alipoacha kazi ya bahari aliipandisha, akaiweka nyuma ya nyumba yake chini ya mwembe, akaiegemeza juu ya magogo ya mnazi, kisha akaifunika kwa turubai lililokazwa pande zote. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Hata hivyo, chumvi ya baharini huzuia kuvu inayoozesha mti, ilhali maji ya mvua huistawisha. Na sisi wa Mtwara tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, kwa hiyo unyevu ulioingia chini ya lile turubai mwaka hadi mwaka haukuwa na pa kutokea. Magogo ya mnazi nayo yaliwapatia mchwa njia ya kupanda kutoka ardhini hadi kwenye mbao bila kuonekana.

Bahari ina mharibifu wake pia, mwenye umbo la mnyoo ingawa kwa nasaba ni ndugu wa chaza, anayeingia ndani ya ubao akiwa mdogo sana na kuutoboa huku akikua humohumo. Kwa ajili yake watu wa pwani hupandisha vyombo mara kwa mara na kuvichoma kwa makuti yanayowaka, moto ukipitishwa haraka chini ya tumbo la chombo. Lakini kiumbe huyo hufa mbao zikikauka. Matundu yake tuliyoyakuta yalikuwa ya zamani, machache, na hayakutusumbua.

Nilimwendea fundi mmoja mzee ambaye karakana yake ni kivuli tu cha miti ufukweni. Wageni wanaofika Mikindani huonyeshwa Boma la Wajerumani la mwaka 1895 na kusimuliwa kwamba Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kwa fundi huyu, ambaye mikono yake inajua kuunda chombo bila mchoro wowote wa karatasi, hawasimami. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akakataa kuzungumzia bei. “Mwanangu,” aliniambia, “usinunue hata ubao mmoja mpaka tujue mkuku ukoje.” Mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, ukiwa umeoza, alisema, afadhali kuunda mashua mpya na kuichukua hii kama kipimo.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vingi. Fundi alipita na nyundo akigonga polepole na kusikiliza, kwa sababu mti mzima hulia kwa sauti kavu na mti uliooza hujibu kwa sauti nzito iliyozibwa. Nami nilimfuata nikichoma kwa ncha ya kisu kila mahali alipopatilia shaka. Uozo ulikuwa pale ambapo maji ya mvua yalituama: ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya chombo), nyuma ya mataruma (mbavu za chombo) yanapogusana na mbao, na chini ya shimo la mlingoti. Mkuku ulikuwa mzima isipokuwa kipande cha nyuma ambacho kiliweza kukatwa na kuungwa. Mbao zilizopata jua na upepo zilikuwa bora kuliko zile zilizofichwa na turubai.

Jambo lililochukua muda wetu mwingi kuliko yote ni misumari. Mashua hii ilipigwa misumari ya chuma, na chuma kikiota kutu ndani ya mti huuharibu mti unaokizunguka, ukawa mweusi na laini, hata ubao unaoonekana mzima ukawa haushikiliwi na chochote. Kuchomoa msumari wa namna hiyo bila kuupasua ubao ni kazi ya subira: hupigwa kutoka ndani kidogo kidogo, na ukikatika huchimbwa kwa patasi nyembamba. Tuliweka mipya iliyopakwa zinki, ikipita pembeni mwa matundu ya zamani, kila mmoja ukizungushiwa uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa chake ili maji yasipate upenyo, na ncha zake zikakunjwa ndani juu ya taruma. Matundu ya zamani yalizibwa kwa vigingi vya mti. Ninaamini kwamba anayetaka kupunguza gharama anaweza kupunguza kwenye rangi, hata kwenye tanga, lakini si hapa.

Mataruma mapya hayakatwi kutoka kwenye ubao ulionyooka. Hutafutwa tawi lililopinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo na taruma lisivunjike chombo kinapopigwa na wimbi. Mtondoo na mkomavi ndiyo miti inayosifiwa kwa kazi hiyo. Mkomavi huota mikokoni, na mikoko ya Tanzania inalindwa na sheria, hivyo kuukata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Sisi tuliridhika na mtondoo. Mbao za ubavuni tulitumia mninga uliokwisha kukaushwa, kwa kuwa ubao mbichi husinyaa baada ya kupigiliwa na kufungua mianya upya.

Tuliifanya kazi wakati wa kusi, miezi ambayo huku kwetu haina mvua, lakini kivulini, maana jua kali hukausha uso wa ubao kabla ya moyo wake na kuupasua. Kisha ikaja kalafati, kazi ya kuziba mianya kati ya mbao. Fundi alisokota pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi, akaisukuma mianyani kwa chembeu (patasi butu) na nyundo ya mti, na nilipomwomba aikaze zaidi alikataa. Mbao za chombo kilichokaa nchi kavu miaka mingi zimesinyaa. Zikirudi majini hufura, na pamba iliyojazwa kupita kiasi huzisukuma mbao hadi misumari ilegee au mataruma yapasuke. Mwanya mdogo uliobaki hauna budi kufungwa na maji yenyewe. Juu ya kalafati, sehemu inayokaa majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na ubavu wa juu ukapakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake ilinifukuza mezani kwa mke wa mjomba kwa siku kadhaa. Kijana mmoja alipendekeza mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa huku kwetu maganda hayakosekani na huko India mafuta hayo yametumika kukinga mbao za mashua. Ni kweli kwamba hukinga, lakini huunguza ngozi vibaya, nami sikutaka mtu ayachezee bila glavu.

Kuhusu tanga sina mengi ya kusema. La zamani lilikuwa limeliwa na panya, hivyo tulishona jipya, tukazungushia dasi (kamba ya ukingoni), na kulifunga kwenye foromali (mti unaobeba tanga) ileile ya mjomba ambayo ilikuwa imening'inizwa darini na kubaki salama kabisa. Kamba za demani (ya kuliongoza tanga) na jarari (ya kulipandishia) zote ni mpya. Nilinunua pia majaketi okozi, ambayo katika mashua hii hayajawahi kuwamo.

Tuliishusha wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji yalipofika karibu na mizizi ya miti, tukiiviringisha juu ya magogo kwa msaada wa vijana wa mtaani. Kabla ya hapo tulikuwa tumetandaza magunia mabichi ndani yake na kuyamwagia maji ya bahari asubuhi na jioni ili mbao zianze kufura taratibu. Hata hivyo, ilipoelea maji yalijaa ngamani usiku wa kwanza, nami nikawa na upo wa kuchotea maji mkononi muda wote. Baadaye maji yalipungua, yakawa ya kufuliwa asubuhi tu.

Tumekwisha kuitweka tanga na kubisha dhidi ya upepo ndani ya ghuba. Inageuka vizuri upande mmoja kuliko mwingine, na fundi anasema kosa ni la shikio (usukani), ambalo bawaba yake ya chini imekaa kombo tangu tulipounga mkuku. Bamvua lijalo tutaipandisha mchangani, turekebishe bawaba hiyo na kupaka deheni mara ya pili. Ikifika mvua itakaa juu ya mawe badala ya magogo, chini ya paa la makuti lisilo na kuta, mbele ikiinuliwa kidogo na kizibo cha ngama kikiwa kimetolewa.