Nilivyojifunza kuisoma karatasi ya vipimo vya thairoidi

Mimi ni fundi wa kushona nguo karibu na Soko la Kariokor, Nairobi, na dalili ya kwanza ambayo sikuweza kuisingizia uchovu ilikuwa uzi. Ilikuwa Julai, wateja wakiingia wamejitanda leso juu ya sweta, nami nimeketi na blauzi nyepesi huku jasho likinitiririka, na ncha ya uzi ikicheza huku na huku pembeni ya tundu la sindano hata nikalazimika kumwita mwanagenzi wangu anitungie. Nilikuwa nikila kuliko kawaida, lakini futi yangu mwenyewe ilionyesha kwamba kiuno kimepungua inchi 3.

Katika zahanati ya kwanza niliambiwa ni mawazo, nikapewa vidonge vya usingizi. Daktari wa pili alinitazama shingo nikimeza maji, kisha akaagiza vipimo vya damu.

Majibu yalipotoka, niliona TSH imeandikwa 0.01, chini kabisa ya kiwango cha kawaida, nikaamini kwamba thairoidi, tezi yangu ya shingoni, imezembea. Wifi yangu, aliyekuwa ameligundua rovu shingoni mwangu kabla yangu, alisisitiza niongeze chumvi yenye madini ya joto. Sote wawili tulikuwa tumeielewa kinyume. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo; ni agizo linalotumwa na tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiambia thairoidi itengeneze homoni. Homoni zikijaa, pituitari huacha kuagiza. Kwangu homoni zenyewe za thairoidi, T3 na T4, zilikuwa juu mno, na bado thairoidi ilikuwa inaendelea kuzitengeneza.

Nilielewa nilipolileta jambo hili cherehanini. Shule imeacha kuagiza sare kwa kuwa stoo imejaa, lakini kuna mtu anayeniletea barua za oda zenye mhuri wa bandia, nami nashona usiku kucha. Barua hizo ni kingamwili: kinga ya mwili wangu imetengeneza kingamwili zinazojibandika mahali pa TSH na kuiamrisha tezi bila kikomo. Daktari alipoutaja ugonjwa wa Graves, nakiri nilisikia makaburi, maana Kiingereza cha Nairobi hakikosi kumtisha mtu. Kumbe ni jina tu la Robert Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835.

Nilipewa kabimazoli na, baada ya kuulizwa kama nina pumu, propranololi. Hii ya pili ilituliza mkono na moyo katika siku chache. Kabimazoli ilinichosha kwa kungoja, kwa sababu huzuia homoni mpya tu na haiziondoi zilizokwisha kuingia kwenye damu, nayo T4 huchukua takriban wiki nzima kupungua kwa nusu. Hata T4 iliporudi kawaida, TSH ilibaki chini kwa miezi, na laiti nisingeambiwa mapema kwamba hilo hutokea mara nyingi, ningedhani dawa imeshindwa.

Onyo moja nililiandika ndani ya kifuniko cha mkebe wa vifungo: nikipata homa au maumivu ya koo, nisimeze kidonge kingine kabla ya kupimwa chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hii, ingawa ni nadra, inaweza kuzimaliza. Novemba koo liliniuma, nikafunga duka nikaenda. Chembe zilikuwa salama. Mume wangu naye anavutia sigara nje siku hizi, kwani moshi huyadhuru macho ya mwenye ugonjwa huu, ijapokuwa yangu hayajatokeza.

Sasa niko mwezi wa 14 wa matibabu yaliyopangiwa miezi 18. Kabla ya kuacha vidonge nitapimwa tena zile kingamwili. Zikiwa bado nyingi, itanibidi nichague kati ya kuendelea na dawa, iodini ya mionzi na upasuaji, na maswali ya kumuuliza daktari kuhusu kila moja nimeanza kuyaandika katika daftari la oda.