Mganga wa Shilingi Moja kwa Dakika

Nianze na lililo kweli: sikuchagua kuwa mponyaji kwa huruma. Nilichagua kwa sababu ya shilingi.

Ilikuwa mwaka 2010, mwaka mmoja tu tangu kebo za intaneti zipitishwe chini ya bahari mpaka kwetu Mombasa, moja wapo ikitokea Fujairah, Uarabuni, kule kule majahazi yalikokuwa yakitokea zamani. Kabla ya hapo mtandao ulikuwa wa setilaiti: ukibonyeza kitu leo, unakwenda kunywa kahawa, unarudi, hakijafunguka. Sasa mambo yalikuwa yamebadilika, na saiba moja mtaani Bondeni ilikuwa na kompyuta 12, shilingi moja kwa dakika. Mwenyewe alikuwa mtu wa daftari. Ukikaa anaandika saa, ukiinuka anaandika saa, na hakuna cha kumwambia "nilikuwa nafunga tu".

Kompyuta nambari saba, iliyo pembeni karibu na feni, ndiyo iliyokuwa na World of Warcraft, mchezo wa vita na uchawi unaochezwa mtandaoni na watu wa nchi mbalimbali kwa pamoja. Mtoto wa ami yangu, anayekaa Muscat, alikuja likizo mwezi wa Julai na diski mkononi, akanakili folda nzima ya mchezo humo, kwani kuipakua kwa mtandao wa saiba kungechukua Julai yote. Akanipa na kadi ya kulipia siku 60 za kucheza. Kisha akarudi zake Muscat, akaniacha na ugonjwa.

Mtu wangu wa kwanza katika mchezo alikuwa mwizi. Majambia mawili, kofia ya kitambaa, ananyemelea kwa nyuma. Nani asiyetaka kuwa mwizi? Hapo ndipo shida ilipoanza. Mchezo ule una mapango ambayo watu huingia watano watano: mmoja anakuwa tanki, yaani anasimama mbele kupigwa kwa niaba ya wenzake, mmoja anaponya, na watatu wanaua. Tangu Desemba 2009 kulikuwa na kifaa cha kukutafutia wenzako: unajiandikisha, unangoja, kikipata watano kinawatupa ndani. Basi dunia nzima inataka kuua. Anayetaka kupigwa ni mmoja mmoja, na anayetaka kuponya ni wa kutafutwa kwa tochi. Mimi na mwizi wangu tulikuwa tunakaa foleni dakika 25, saa nyingine 30, nikitazama feni ikizunguka na daftari la mwenye saiba likinitazama mimi. Shilingi 25 kabla sijachomoa jambia!

Nikamlalamikia mtoto wa ami kwenye Skype.

"Yakhe," akaniambia, "kuwa hila."

Alikuwa na maana ya mponyaji, kwa lile jina lao la Kizungu, lakini mimi niliisikia hila ya Kiswahili, na mpaka leo naona hiyo ndiyo tafsiri bora. Hila hangoji foleni. Hila anabonyeza, mlango unafunguka. Nikapiga hesabu: nikianza upya na mponyaji nitakuwa naokoa shilingi 25 kila pango. Hesabu ilikuwa mbovu, maana kumlea mtu mpya toka ngazi ya 1 mpaka ya 17 kulinila zaidi ya saa 11, yaani shilingi 700 kasoro kidogo, na ili nizirudishe ilibidi niingie mapango karibu 28. Lakini hesabu hiyo niliifanya baadaye, pesa zimeshakwenda.

Siku ya kuchagua nilikaa mbele ya ile skrini dakika kumi nzima, nikizilipia. Wakati huo waliokuwa na uwezo wa kuponya walikuwa wa aina nne. Kulikuwa na askari mtakatifu mwenye nyundo, nikamwona mzito. Kulikuwa na mwenye kugeuka dubu, na mwingine wa kusimika vigogo vya mizimu, na huyo, katika upande wetu wa vita ya mchezo, ilikuwa lazima awe na mkia na kwato. Wa nne alikuwa na kanzu tu na fimbo. Huyo nikamwona mwepesi, nikamshika. Jina la kazi yake, ukilitafsiri sawasawa, utapata kasisi. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mlangoni. Nikaamua kwamba nyumbani nitasema mganga.

Jina la mtu nililipata bila taabu: Mwarobaini. Mti wa maradhi arobaini, na herufi zake kumi zikaenea pale pa kuandikia.

Usiku ule ule nikamwambia bibi, kwa utani, kwamba nimekuwa mganga. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Wa pepo au wa dawa?"

"Wa kwenye kompyuta, bibi."

"Basi wa pepo," akasema.

Usiku ninaotaka kuusimulia ulikuwa katika kumi la pili la Ramadhani. Nilitoka tarawehe nikaenda moja kwa moja saiba, saa tatu na nusu. Muscat ilikuwa saa nne na nusu, na mtoto wa ami alikuwa tayari hewani na askari wake, ngazi sawa na mimi, ngao mkononi. Tukajiandikisha, yeye tanki, mimi hila. Sijamaliza hata kurekebisha spika za masikioni, mlango ukafunguka. Sekunde tatu! Nilijiona kama mtu aliyepita foleni ya feri ya Likoni kwa kujuana na askari.

Pango lenyewe ni Deadmines, machimbo yaliyo chini ya kijiji kilichokufa, na mwisho wake kuna meli iliyofichwa ndani ya mwamba. Watu wengi wameshapita humo wakiua tu bila kuuliza, lakini kisa chake mimi kilinishika. Mkubwa wa mle, Edwin VanCleef, alikuwa fundi muashi. Yeye na wenzake waliujenga upya mji wa Stormwind ulipovunjwa vitani, na walipomaliza, wakubwa wa mji wakakataa kuwalipa. Ndipo wakageuka majambazi. Marehemu babu yangu alikuwa muashi, na alikufa akiwa na madeni ya watu katika daftari lake, watu waliohamia katika nyumba alizowajengea. Kwa hiyo niliingia mle nikiwa nusu upande wa VanCleef. Nilimwambia mtoto wa ami, akacheka: "Haya, utamlipa wewe? Twende."

Waliotuangukia wengine walikuwa watu wa seva za Ulaya: mchawi mmoja wa moto, mwindaji na nguruwe wake, na mwizi. Majambia mawili, kofia ya kitambaa. Mimi wa mwezi uliopita kabisa.

Sasa nieleze kitu ambacho sikuambiwa kabla. Mponyaji haoni mchezo. Wenzako wanaona mapango, mienge, mashine za mbao, maji yanayodondoka. Wewe unaona mistari mitano ya kijani kwenye pembe ya kushoto. Mstari ukipungua unaubonyeza, unasoma dua yako sekunde tatu, unajaa. Mpaka leo ukiniuliza Deadmines kukoje, nitakwambia kuna mistari mitano. Sauti za mapanga nilikuwa nazisikia kama mtu asikiavyo harusi ya nyumba ya pili.

Zile sekunde tatu ndizo zilizokuwa kazi. Dua ni sekunde tatu, na juu yake ongeza mtandao. Chini ya skrini kuna kijitaa kinachokuonyesha ucheleweshaji: kijani, manjano, nyekundu. Kila mtu wa kompyuta ya jirani akianza kupakua nyimbo, changu kilikuwa kinageuka manjano, na hapo ukingoja mtu aumie ndipo umponye, umeshamzika. Nikajifunza kuanza dua kabla ya pigo. Jitu likiinua shoka, mimi nimeshafika katikati. Kama pigo halikuja, naikata. Nilikuwa na ngao ya nuru pia, ya papo hapo, lakini ukimpa mtu mmoja huwezi kumrudia mpaka zipite sekunde 15, kwa hiyo lazima ujue nani anaistahili sasa na nani atasubiri.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye meli. Pale staha ya chini kulikuwa na dude lenye pembe za fahali likiitwa Mister Smite, nalo lilikuwa na tabia ya kukanyaga sakafu kwa kishindo, wote mnaganda kama mmemwagiwa saruji, lenyewe likaenda kasha lake taratibu kubadilisha silaha. Mtoto wa ami aliandika kwa herufi kubwa: ngojeni. Mwizi hakungoja. Alipita pembeni, akaamsha maharamia watatu wa juu, akarudi nao akikimbia. Kishindo kikapigwa. Tumeganda wote, maharamia hawakuganda. Niliona mistari mitano ikishuka kwa pamoja kama pazia, na mkono wangu upo kwenye kipanya, haufanyi kitu.

Tulipoachiliwa nikampa tanki ngao, nikaanza dua, nikamaliza, nikaanza nyingine. Mchawi akaenda. Ukiponya sana maadui wanakuchukia wewe kuliko anayewapiga, hilo nalo nililijua kwa kulipata: maharamia wawili waligeuka, wakaja kwangu. Sikuwaona. Nilikuwa natazama mstari wa mtoto wa ami. Wa kwangu, uliokuwa juu kabisa ya mingine, sikuutupia jicho hata mara moja, mpaka skrini ikawa ya kijivu.

Masikioni nikasikia kicheko kutoka Muscat. "Mganga hajigangi!" Anacheka na yeye anakufa.

Tukafa wote. Ukifa unakuwa mzuka, unatokea makaburini huko nje, na ni lazima ukimbie njia yote mpaka mlangoni. Ilikuwa mbio ya mizuka watano kwenye mashamba makavu ya Westfall, dakika nne, shilingi nne. Njiani mwizi akaandika. Sitayarudia yote. Kwa ufupi, tumekufa kwa sababu mponyaji hajui kazi, na kama sijui kazi nirudi nikacheze na watoto. Mwindaji akatia alama ya kucheka. Mchawi alinyamaza. Mtoto wa ami akaniambia masikioni, "Mwache, huyo mjinga," lakini hakumwandikia neno, maana alitaka kumaliza.

Mara ya pili Smite alikufa bila taabu. Nilimvika tanki ngao kabla ya kishindo, na wakati tumeganda ilikuwa ikila mapigo yote. Hakuna aliyesema kitu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: ukikosea wanapiga kelele, ukipatia wanadhani ni wao.

VanCleef alikuwa juu kabisa, kwenye kibanda cha meli. Kijitaa changu kilikuwa kijani, nakumbuka, kwa sababu ilikuwa yapata saa sita na saiba ilikuwa imebaki na watu watatu. Alipofika nusu ya uhai wake akaita wasaidizi, wakaingia kwa fujo. Mmoja akamkamata mwizi.

Mstari wa mwizi ulishuka robo. Ukashuka nusu. Kidole changu kilikuwa juu ya ngao, na ngao ilikuwa tayari, na jina lake lilikuwa hapo. Tanki alikuwa na nafasi, alikuwa na zaidi ya nusu. Nilijua kabisa naweza. Nikautazama mstari ule ukigeuka uzi. Nilikuwa na muda wa kulifikiria lile neno lake la watoto, tena kwa utulivu, kama mtu anayesoma risiti. Kisha nikabonyeza jina la mtoto wa ami, nikampa ngao yeye.

Mwizi akaanguka. VanCleef akaanguka sekunde 20 baadaye. Upanga wake, Cruel Barb, ukatoka, tukaupigia kura ya dadu, na dadu ikampa mwizi, maiti, amelala kifudifudi juu ya mbao. Mtoto wa ami, aliyeutaka upanga ule toka asubuhi, hakulalamika. Alikuwa kimya.

"Ulimwona?" akaniuliza.

"Mtandao ulikwama."

"Ulikwama." Nikasikia feni yao kule, au kiyoyozi. "Na ngao yangu mimi ilifikaje?"

Sikuwa na jawabu. Nikamwinua mwizi. Kufufua mtu ni sekunde kumi za kusimama umeinua mikono, na hakuna kitu kingine unachoweza kufanya katika hizo sekunde kumi. Akasimama, akaandika ahsante ya herufi mbili. Halafu, kabla ya kutoweka, akaongeza kwamba raundi hii nimeponya vizuri.

Mwenye saiba akaandika saa. Shilingi 165. Nikatembea mpaka nyumbani. Vijana walikuwa wanacheza karata chini ya taa. Bibi alikuwa bado macho, tasbihi mkononi, redio ya visomo chini chini.

"Haya mganga," akasema, "leo umeponya wangapi?"

"Watatu."

Akanisogezea sahani ya kaimati.