Grafini ya blenda: kazi yenyewe huanza ukishazima mashine

Kinywe, yale madini meusi yanayoteleza yapatikanayo Mahenge na Ruangwa, ni rundo la karatasi za kaboni zilizolaliana, kila moja ikiwa na unene wa atomu moja. Chomoa karatasi moja, hiyo ndiyo grafini. Zinashikana kwa nguvu ndogo, kwa hiyo maji yanayokwenda mbio yanatosha kuzichambua. Mwaka 2014 kundi la Jonathan Coleman wa Trinity College Dublin lilionyesha kuwa hata blenda ya jikoni na sabuni ya vyombo vinaweza.

Kwa jaribio dogo: nusu lita ya maji safi ya kuongezea betri (si asidi), gramu 10 hadi 25 za kinywe, sabuni gramu moja au mbili. Sabuni ndipo wengi wanapoharibu. Ikizidi, povu linajaa jagi na visu vinakata hewa. Mlio wa mota ukiwa mwepesi ghafla, ujue ni povu. Zima, lisubiri litulie. Saga dakika moja, pumzisha mbili, mpaka jumla ya kusaga ifike nusu saa. Ukiikimbiza mfululizo utaunguza mota.

Hapo una uji mweusi tu. Kilichochambuka hakifiki hata asilimia moja ya kinywe ulichotia. Acha utuame usiku kucha, vuta maji ya juu kwa bomba la sindano, yazungushe kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha vizito na vyepesi kwa kuzungusha, mizunguko 1500 kwa dakika, dakika 45, kisha chukua theluthi mbili za juu. Masimbi yarudi kwenye blenda.

Wanaoruka hatua hii ndio wanaouza unga wa kinywe kwa jina la grafini. Utafiti wa mwaka 2018 uliopima bidhaa za kampuni 60 ulikuta nyingi hazina hata asilimia 10 ya grafini. Kabla ya kulipa, dai grafu za kipimo cha Raman, kinachotambua aina ya kaboni kwa mwanga wa leza, tena za vipande vingi, si kimoja kilichochaguliwa. Tazama kilele cha karibu na 2700 kwenye mstari wa chini wa grafu: kikiwa na bega upande mmoja, hicho ni kinywe.

Usiikaushe iwe unga. Karatasi zikikauka hugandana upya kama noti zilizofuliwa mfukoni, na kuzibandua ni kazi upya. Ioshe sabuni juu ya chujio, maana sabuni huzuia umeme, kisha ichanganye na kitu unachotengeneza ingali mbichi.

Kwenye betri za lithiamu, wengi hudhani ukiongeza grafini unaongeza nguvu. Inapitisha elektroni vizuri, lakini ioni za lithiamu, zile chembe zenye chaji zinazosafiri ndani ya betri, hazipenyi karatasi hiyo. Lazima zizunguke ukingoni. Tope la elektrodi, yaani la ncha za betri, likipakwa nene na betri ikichajiwa haraka, karatasi pana zinakuwa ukuta. Kwa betri za lithiamu za aina ya chuma-fosfeti, anza na asilimia moja ya grafini na asilimia moja ya masizi ya kaboni, na uchague karatasi ndogo.