Ndoo ya makombo ilinijibu kuliko fomu

Muhula uliopita nilitwikwa kamati ya chakula ya chuo ninachofundisha, hapa Malindi. Hakuna aliyekuwa akiitaka. Mwenzangu alinikabidhi faili lenye karatasi tatu huku akicheka: "Pole, mwalimu. Utakula lawama kuliko wali."

Nilianza kisomi, kwa fomu. Maswali kumi kuhusu ladha, kipimo, bei na usafi, kila moja alama 1 hadi 5. Wanafunzi karibu wote wakazungushia 3. Walimu wakazungushia 4, kisha wakanifuata ofisini kunung'unika. Kosa lilikuwa langu: niliwagawia fomu palepale kantini, na mtu anayetazamwa na mpishi kutoka dirishani ataandika nini?

Mpishi mkuu, mama mtu mzima aliyewahi kupikia harusi nyingi mjini, alinionea huruma. "Mwalimu, maneno ya watu achana nayo. Njoo saa nane uangalie ndoo."

Ni ndoo ambamo sahani hukung'utiwa kabla ya kuoshwa. Jioni mzee mmoja huja na baiskeli kutoka Muyeye kuichukua, akawape kuku na bata wake. Nikaomba ziwe ndoo mbili, ya wanafunzi na ya walimu, nikakaa nazo wiki tatu nikiandika daftarini. Wenzangu walinipita wakiziba pua.

Ugali haukurudi hata tonge. Kabeji ilirudi kama ilivyotoka. Kilichonishangaza ni maharage. Kuna siku sahani zilirudi nyeupe, na kuna siku ndoo ilijaa maharage mazima, magumu kama kokoto. Mpishi ni yuleyule, gunia ni lilelile. Nilidhani ni uvivu wa kuchochea kuni, na nusura niseme hivyo mbele za watu. Nashukuru nilimuuliza mama kwanza, faraghani. Akashika daftari, akapitisha kidole kwenye siku mbaya. "Hii mfereji ulikauka. Hii pia. Na hii."

Maji yetu ya mfereji yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki. Yakikatika, mji unarudi visimani, na maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa ya mwamba wa matumbawe. Chokaa hiyo hukaza ganda la haragwe. Utachemsha mpaka kuni ziishe na lisiive. Wanafunzi walikuwa wakimsema mpishi kwa kosa la bomba.

Tukanunua pipa lenye kifuniko na kufuli. Mfereji ukitoka linajazwa, na maji yake ni ya maharage peke yake. Yanalowekwa tangu usiku, asubuhi maji ya kulowekea yanamwagwa. Magadi tulijaribu siku moja. Maharage yaliiva, lakini mchuzi ukawa na ladha ya sabuni.

Ndoo ya walimu nayo ilitaka kunidanganya. Ilikuwa karibu tupu, nikafurahi. Kumbe wengi hawakuwa wakila kabisa! Walikuwa getini kwa muuza mahamri na mbaazi. Vipindi vyao huisha saa saba na nusu, na kufikia saa hiyo mchuzi wenye tui zito umekwisha, umebaki ulioongezwa maji. Walimu wawili watatu walikuwa wakirukia mbele ya foleni kuuwahi, na hilo liliwaudhi wanafunzi kuliko chakula chenyewe. Sasa mama anatenga sufuria ndogo inayofunguliwa saa saba na nusu, kwa yeyote aliyechelewa, mwalimu au mwanafunzi. Kuruka foleni kulikoma bila mkutano.

Ikabaki ratiba ya ukutani, iliyosema Jumatano ni samaki. Kusi likivuma bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki, na changu akipatikana bei yake haishikiki. Wanafunzi walisoma samaki, wakapewa maharage, wakajiona wameibiwa. Tuliing'oa, tukaweka ubao wa chaki. Mama akirudi sokoni anaandika alichopata. Mara ya kwanza aliandika: "Leo samaki hakuna, ni kusi. Kuna mbaazi za nazi." Saa saba haijafika, mbaazi zimekwisha.

Kabeji sikuiweza. Ni rahisi, inajaza sahani, na pesa tunazopewa zinaijua. Wa bara wanataka githeri, wa hapa wanataka mchicha wa nazi, na wote wanakutana kwenye kuirudisha.

Juzi mzee wa Muyeye alinyanyua ndoo kwa mkono mmoja, akanitazama vibaya. "Mwalimu, watoto wenu wana njaa gani siku hizi? Bata wangu wamekonda."

Mama akamjibu kutoka dirishani: "Njoo Alhamisi, mzee. Alhamisi ni kabeji."