Neno Lile Halilali Kwetu

Huu ni mwaka wa sita mimi na mwenzangu tunaishi chini ya paa moja, na anajua kazi ninayofanya. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila niliyemwomba ushauri aliniapia kwamba haiwezekani. Mwanamume akijua, ataondoka. Asipoondoka, atakupiga. Asipokupiga, atakula pesa zako. Niliyasikia hayo kutoka kwa watu wanaonipenda, nikayaamini kiasi cha kuharibu karibu miaka miwili ya maisha yangu.

Ninauza ngono. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Niliianza nikiwa mtu mzima, kwa hesabu zangu mwenyewe, na siandiki ili niisifie wala niiombee radhi. Watu wakijua huniuliza kuhusu wateja: wakoje, siwaogopi, wanalipaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza namjibu nini dada yangu anapopiga simu saa nne usiku nami nimo kazini. Mzigo wangu ulikuwa hapo. Mteja akimaliza huenda zake. Hofu ya kujulikana unarudi nayo nyumbani, unalala nayo, unaamka nayo.

Wa kwanza kunishauri alikuwa rafiki aliyenitangulia kazini. "Siri ya mtungi aijuaye kata," akaniambia, "na mwanamume hana haja ya kuwa kata yako." Kisha mshauri nasaha, niliyemlipa vikao vitatu au vinne, akasema niache kazi kwanza halafu nimweleze mwenzangu kama habari zilizopita. Nilijaribu. Nikadumu miezi kadhaa, madeni yakanizidi, nikarudi, na sasa siri zikawa mbili: kwamba naifanya, na kwamba nilishindwa kuiacha. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana hakuniuliza hata mara moja kodi ya nyumba nitalipaje.

Kwa hiyo nikajenga uongo, na niliujenga vizuri. Nilikuwa karani wa zamu ya usiku kwenye ghala la dawa. Nilichagua ghala kwa sababu mgeni hawezi kuingia na simu haziruhusiwi ndani. Nikashonesha koti la sare lenye nembo niliyoibuni mwenyewe, nikatengeneza kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mwanamke mmoja tunayefanya naye kazi akakubali kuwa msimamizi wangu kwenye simu. Ana sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuamuru. Kila mwisho wa mwezi nilimpa fedha mkononi, naye akanitumia kiasi kilekile kwenye simu ili ujumbe uingie mbele ya mwenzangu kama mshahara. Ukijumlisha sare, ada za kutuma na za kumtuliza huyu na yule, nadhani niliteketeza kodi ya miezi mitatu, pengine zaidi.

Nilichosahau ni kwamba mtu anayekupenda hupenda kusikia habari za kazi yako. Zamu ilikuwaje? Nani alikuwepo? Ghala likahitaji watu. Nikaunda mlinzi mzee mpenda soka, nikaunda kijana mvivu wa upakiaji, nikaunda msichana tunayekaa naye meza moja, mwenye mama anayeumwa figo. Ili nisijichanganye niliandika yote kwenye daftari dogo la jalada jeusi: jina, tabia, nilichosema juu yake na tarehe niliyokisema. Alfajiri, kabla ya kufungua mlango, nilisimama kwenye ngazi nikasoma ukurasa wa mwisho kama mwanafunzi nje ya chumba cha mtihani.

Nililionea fahari daftari lile, siwezi kuficha. Lilifanya kazi miezi kumi na minne. Kisha siku moja akanikabidhi bahasha. Alikuwa amemfikiria yule mama wa figo, akadunduliza kidogo kidogo, na akataka nimpelekee yule msichana mchango wetu wa nyumbani. Kukataa kulihitaji uongo mwingine, nami sikuwa nao tayari. Nikaipokea. Nikaificha kwenye mfuko wa ndani wa sare, na kwenye daftari nikaandika: amepokea, ameshukuru, amelia. Aibu iliyonipata usiku ule kwa kuandika neno "amelia" haijawahi kunipata kwa mteja yeyote.

Wiki chache baadaye aliliona daftari akitafuta kalamu. Nilimkuta ameketi kitandani, daftari limefunguka gotini. Nilitegemea makelele. Akauliza, "Yule mama niliyemchangia, yupo?"

Nikasema hayupo.

"Na binti yake?"

Hayupo. Ndipo nikamwambia yote, nimesimama, koti la sare bado liko mwilini.

Aliondoka siku kumi na moja. Aliporudi hakuja na msamaha, alikuja na maswali, na mengi hayakuhusu wateja. Alitaka kujua ni siku zipi alikuwa akizungumza na mimi na ni siku zipi alikuwa akizungumza na daftari. Kazi ilimuuma, nisidanganye, lakini kilichomtoa nyumbani kilikuwa mama yule asiyekuwepo. Hilo ndilo hakuna mshauri aliyenionya.

Kama uko nilipokuwa, usimwambie usiku, wala siku ambayo mnanuniana. Chagua mahali ambapo kila mmoja ana pa kwenda baadaye. Na kama amewahi kukuinulia mkono, weka pembeni kila nilichoandika. Usalama wako uje kwanza, na usimwambie mkiwa wawili tu.

Mwezi wa pili tangu arudi tuligombana kwa sababu ya bomba lililovuja. Bomba! Akaniita malaya. Neno hilo nimelisikia barabarani mara zisizohesabika, na barabarani linapita. Lilipotoka kinywani mwake halikupita. Nilielewa kwamba siku ile niliyomwambia ukweli nilimkabidhi mpini, mimi nikabaki nimeshika makali. Aliomba radhi usiku uleule, akaahidi halitarudi. Likarudi kwenye ugomvi uliofuata, akiwa amelisema nusu na kulimeza nusu, na ile nusu iliniumiza kuliko lile zima.

Hapo ndipo nilipopata njia ambayo najivunia kuliko yote niliyowahi kufanya. Niliona kwamba ahadi haishiki kwa sababu mwenye cha kupoteza ni mmoja. Nikakata karatasi mbili sawasawa. Nikamwambia, mimi naandika neno ambalo sitaki lisikike ndani ya nyumba hii, nawe andika lako. Alisema hana. Nikangoja. Tulikaa kimya mezani karibu saa nzima, kisha akaandika, mkono ukimtetemeka. Silitaji hapa, ni lake. Tukabadilishana. Karatasi yake ninayo mimi, yangu anayo yeye, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitamka la mwenzake, hata siku tulizogombana vibaya sana. Marafiki wawili nimewafundisha. Mmoja limemfaa. Wa pili mumewe alikataa kuandika, naye akajua alichohitaji kujua.

Yaliyobaki tuliyapanga polepole. La kondomu lilikuwa zito. Kazini sifanyi chochote bila kondomu, hakuna mjadala. Nyumbani nilipoitoa alisema, "Kwa hiyo nami ni mteja?" Watafiti wameliona jambo hili katika nchi nyingi: wafanyakazi wa ngono hutumia kondomu zaidi na wateja kuliko na wapenzi wao, kwa kuwa kuivua kunakuwa ndiyo alama ya upendo. Na hivyo hatari inaingia kwa mlango wa nyumbani. Sisi tulikwenda kupima wote wawili. Mimi nameza PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza mwaka 2015 kwa watu walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa, na kila miezi mitatu tunarudi kupima pamoja, kwa kuwa vidonge hivyo havizuii kaswende wala kisonono. Alama ya upendo kwetu sasa ni ile foleni tunayopanga wawili.

La sheria sikulijua mpaka mwanasheria wa kujitolea alipotufungua macho. Nilidhani hatari ya kushtakiwa ni yangu. Kumbe sheria za namna hii humkamata mpenzi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1956 ilisema mwanamume anayeishi na kahaba ahesabiwe kuwa anaishi kwa mapato yake mpaka yeye athibitishe vinginevyo, na vifungu vya mtindo huo vilienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Kanada, Mahakama ya Juu ilifuta kifungu cha aina hiyo Desemba 2013 kwa kuwa hakikumtofautisha mnyonyaji na dereva au mlinzi wa mwanamke huyo. Yaani kwa macho ya sheria kama hizo, mtu anayenifungulia mlango alfajiri ni kuwadi. Tuliporudi nyumbani tulitenganisha akaunti. Kodi analipa yeye kwa mshahara wake, risiti zote ziko kwenye faili moja, mimi nalipa mengine. Ulizeni sheria ya mahali penu kabla ya kuhamiana, tafadhali.

Kwa dada yangu sijafaulu hivyo. Yeye alijua kabla ya wote, kwa maneno ya watu. Ada ya wanawe natoa mimi, inapitia mikononi mwa mama, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Nilipomuuliza kwa nini hafiki kwangu alinijibu, "Mdogo wangu, sikukatai wewe. Nakataa kuulizwa." Nilimkasirikia muda mrefu. Kisha nikasoma kwamba mwanasosholojia Erving Goffman, mwaka 1963, aliandika kuwa doa la mtu husambaa hadi kwa walio karibu naye, na kwamba hiyo ni sababu moja ya watu kumkwepa au kukata uhusiano naye. Nikamwona dada yangu mbele ya wakwe zake, akiulizwa mdogo wako anafanya nini. Hasira ilipungua. Maumivu bado yapo.

Binti yangu nilimweleza alipotimiza miaka kumi na sita. Sikutaka asikie kwa watu kama dada. Nilianza mbali, kwa kisa cha Lyon, Ufaransa. Tarehe 2 Juni 1975, wanawake wapatao mia moja wanaouza ngono waliingia katika kanisa la Saint-Nizier wakakaa humo siku nane, wakipinga faini, vifungo na kusumbuliwa na polisi. Nje walitundika bango: watoto wetu hawataki mama zao wafungwe. Nilidhani kisa hicho kitanisaidia kuingia kwenye habari yangu. Binti alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Hao watoto wenyewe waliulizwa?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia basi mimi nakuuliza wewe. Alifikiri siku mbili. Akasema hataki kudanganya kwa niaba yangu: akiulizwa kazi yangu atasema, "Mwulizeni mwenyewe." Nilikubali. Naye hukaa kwa dada yangu kila likizo, na dada humpa salamu za kuniletea, ambazo zamani hazikuwepo.

Ile bahasha niliihifadhi. Nilijaribu kumrudishia mwenzangu, akasema haina pa kurudi, ilishatoka. Ikakaa droo moja na karatasi zetu mbili. Mwaka jana yule mwanamke aliyekuwa msimamizi wangu wa simu alilazwa, na ndugu zake walikuwa wamemkata zamani. Mimi nilikuwa na homa kali, siwezi kusimama. Mwenzangu akafungua droo, akachukua bahasha, akaongeza na yake, akaenda. Aliniambia aliitambua sauti kabla hajafika kitandani. Nesi akamuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa, kwa kuwa hakuna ndugu aliyekuwa ameandikwa.

"Mke wangu na huyu wanafanya kazi pamoja," akajibu, wodi nzima ikisikia, na akaandika jina lake kwenye fomu.