Vidonge Vitatu Pindoni

Mei 2016, msimu wa kuamia ndege kwenye mpunga, zahanati yetu bondeni Kilombero ilipokea wagonjwa wa mashambani karibu kila alfajiri. Msimu huo familia nzima huhamia kwenye vibanda vya nyasi, na chandarua mara nyingi hubaki kijijini. Mbu jike wa anofelesi, aenezaye malaria, huuma usiku, na homa huja siku 7 hadi 14 baadaye, mtu amekwisha msahau.

Mtoto aliletwa kwa baiskeli. Miaka 3, kilo 12, viganja vyeupe, anatapika kila anachonyweshwa. Ukimwita anafumbua macho kisha anayafumba. Jirani aliyewasindikiza alinong'ona "degedege", ingawa mtoto hakuwa amekakamaa hata mara moja. Mama akafungua pindo la kitenge: pakiti ya dawa ya mseto ya malaria, vimebaki vidonge 3 kati ya 6.

"Nesi, homa ilishuka siku ya pili. Hivi nikamwekea kaka yake."

Kwa kilo 5 hadi 14, dozi ni kidonge 1 mara 6: cha pili saa 8 baada ya cha kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2. Mseto ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta hushusha homa upesi, lakini haidumu mwilini. Lumefantrini ndiyo humalizia vimelea vilivyobaki, nayo inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Mtoto alikuwa amemeza kwa chai ya rangi.

Kipimo cha haraka kilitoa mistari miwili, yaani ana malaria. Hakikunisaidia sana, maana protini kinayoitafuta hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata vimelea vikifa. Niliamua kwa hali ya mtoto: malaria kali, aende hospitali.

Nilichukua kichupa cha artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, mg 60, nikatia ml 1 ya baikaboneti, nikatikisa hadi ikawa angavu (ikibaki na ukungu, itupe), kisha ml 2 za maji ya chumvi. Chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo: mg 36, yaani ml 1.8, tunapandisha hadi 2. Nikamchoma pajani. Chini ya ulimi nikaweka sukari iliyoloweshwa, kijiko kimoja cha chai, kwa sababu sukari ya damu huweza kuporomoka njiani. Kwenye barua ya rufaa niliandika saa ya sindano kwa herufi kubwa. Ya pili hutolewa baada ya saa 12.

Kaka yake nilimpima gari likisubiriwa. Mstari mmoja tu, hana malaria.

Wiki iliyofuata walirudi. Mtoto alikuwa ameongezewa damu, na baada ya sindano amemaliza mseto wa siku 3, safari hii kwa maziwa. Mama akanionyesha pakiti tupu, halafu akaniomba vidonge vyake 3.